Kichwa changu kina tarehe zake

Mara ya kwanza nilipoiona ile mistari nilidhani ni ubovu wa taa. Ilikuwa saa nne asubuhi, nipo kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, natia zipu gauni la bibi harusi. Kitambaa ni satini nyeupe, na jua la kaskazi limeshaingia mpaka mlangoni. Katikati ya mshono nikaona sindano haipo. Cherehani inakwenda, uzi unavutika, ila pale penye sindano pana doa la ukungu. Nikafikicha macho. Doa likatanuka, na ukingoni mwake ikatokea mistari inayometameta, imepinda kona kona, sawasawa na mshono wa zigizaga ukiuinamia kwa karibu. Nikafumba jicho la kushoto: ipo. Nikafumba la kulia: ipo. Nikafumba yote mawili, na gizani humo ikazidi kuwaka.

Ilikaa kama dakika 20, ikaondoka yenyewe. Nikasema alhamdulillahi, nikashika gauni. Kabla sijamaliza pindo, upande wa kulia wa kichwa ukaanza kugonga, kila pigo la moyo na pigo lake nyuma ya jicho. Nikatapika kwenye ndoo ya vipande. Mwanafunzi wangu wa ushonaji akazima ovaloki bila kuambiwa, maana alishanizoea. Nililala chini ya meza ya kukatia, baibui nimejifunika usoni, mpaka alasiri. Mama wa bibi harusi alipofika kuchukua gauni alinikuta hivyo hivyo. Akamgeukia aliyefuatana naye, akasema, "Fundi anadeka."

Neno hilo nimelisikia tangu usichana wangu, kwa watu ninaowapenda na kwa nisiowajua. Naandika haya kwa ajili ya neno hilo. Ninachougua kinaitwa kipandauso, wengine husema migraine: kichwa kinachouma kwa kugonga, mara nyingi upande mmoja.

Kichwa kilinianza nikiwa na miaka 14, mwaka uleule niliovunja ungo. Kabla ya hapo mwenye kichwa nyumbani kwetu alikuwa kaka yangu. Alipokuwa darasa la tatu, la nne, alikuwa akirudi shuleni mchana amekunja uso, analala sakafuni penye baridi, anatapika, na akiamka jioni anaomba chakula kana kwamba hakuugua. Tulipokua mambo yakageuka. Yeye kikawa kinamjia mara mbili au tatu kwa mwaka, mimi kila mwezi hakikosi. Wakati huo sikujua kwamba haya si ya nyumba yetu peke yake. Kwa watoto wadogo kipandauso hakichagui. Wavulana na wasichana wanakaribiana, na pengine wavulana ndio wanaotangulia. Ni kubalehe ndiko kunakotenganisha njia, na katika utu uzima wanawake wenye ugonjwa huu wanafika kama mara tatu ya wanaume.

Mama naye alikuwa nacho. Namkumbuka amejifunga kanga kichwani, fundo limekaza kwenye paji, kalala chumba cha uani dirisha limezibwa kwa gunia, na sisi tumekatazwa hata kutwanga. Kwenye mapanja yake yote mawili ana chale, vijistari vitatu vitatu. Alichanjwa kwa wembe, akapakwa dawa nyeusi. Kipandauso hupita katika damu za ukoo, hilo limethibitika, na mimi nilikirithi kwake kama nilivyorithi mikono ya ushonaji.

Nimetibiwa malaria mara zisizo na idadi. Tanga ukisema kichwa kinauma na unatapika, mtu anakujibu malaria kabla hujamaliza sentensi. Nilikuwa nanunua dawa mseto dukani bila kupimwa, nameza siku tatu, na siku ya tatu kichwa kinaniacha. Nani angenishawishi kwamba si malaria? Nilikuja kuelewa baadaye sana: kipandauso kisipotibiwa hukaa kati ya saa 4 na saa 72, kisha huondoka chenyewe. Saa 72 ni siku tatu, na dawa mseto ni ya siku tatu. Hesabu hizo mbili zilikutana zikanidanganya miaka mingi.

Nimepimwa taifodi, nimepimwa presha, nimepimwa macho nikapewa miwani. Miwani ilinisaidia kutunga uzi, kichwa haikukigusa. Shangazi yangu yeye alisema ni jini. Ushahidi wake ulikuwa huu: linanijia kwa mwezi, na likinijia sitaki udi, sitaki marashi, sitaki mtu aniguse. Siku hizi nikimfikiria shangazi namheshimu kuliko wote waliokuwa wananiandikia vipimo. Aliona kwamba kichwa changu kinafuata mwezi. Aliona kwamba harufu zinanigeuka kabla maumivu hayajafika. Alichokiona kilikuwa cha kweli kabisa, akakipa jina lisilo lake.

Na mimi nikajitibu. Nilianza na paracetamol mbili. Zikawa diclofenac. Zikawa zile za mchanganyiko zenye kafeini ndani. Msimu wa harusi, au wiki mbili kabla ya Idi, siwezi kuwaambia watu kumi na wawili wenye sare kwamba nimelala, kwa hiyo nilikuwa nameza asubuhi hata kabla kichwa hakijaanza, ili kisianze. Kopo la bati ninalowekea bobini likawa na vidonge vingi kuliko bobini.

Daktari aliyenifungua macho sikwenda kwake kwa ajili yangu. Nilimpeleka mama kliniki ya presha. Ni dada kijana, mpole wa maneno. Akiwa anamfunga mama kifaa cha presha mkononi aliniona nimejikinga macho na taa ya chumba, akauliza, "Dada, na wewe kichwa kinakuuma?" Nikamwambia ni kawaida yangu. Akaweka kalamu chini.

Aliniuliza maswali ambayo katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Kinauma upande mmoja au zote? Kinagonga au kinabana? Ukipanda ngazi, ukiinama, kinazidi? Mwanga je, kelele? Kabla hakijaanza, unaona chochote? Nikamweleza ile mistari, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia jina la anayemfahamu. Kisha akauliza, "Siku zako huja lini?" Niliona haya, mama yupo pale. Akangoja mpaka nikajibu kwamba sijui vizuri, huwa zinakuja tu.

Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo mno, karibu nidharau. Nitafute kalenda ya ukutani, niweke alama kwa miezi mitatu. Duara jekundu kwa siku za hedhi. Alama ya kosa, kama ya mwalimu, kwa siku kichwa kinapouma. Na nukta kwa siku yoyote niliyomeza dawa ya maumivu, iwe kidonge kimoja au vitano.

Kalenda nilipewa bure na duka la vitambaa, ile yenye tarehe za Kiislamu kwa chini. Niliitundika juu ya cherehani, kalamu mbili nimezifunga kwa uzi. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Mwezi wa pili nikaanza kushtuka. Ulipoisha wa tatu niliikunjua juu ya meza ya kukatia na sikuhitaji daktari wa kunisomea: siku mbili kabla ya duara la kwanza, kosa. Siku ya kwanza ya duara, kosa. Siku ya tatu, kosa. Ukurasa wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Makosa mengine yalikuwepo yametawanyika huku na huku, ila yale yaliyoshikana na duara ndiyo ya kulala chini ya meza. Wataalamu wanayo mipaka hiyo hiyo, kuanzia siku mbili kabla ya hedhi hadi siku yake ya tatu. Nilikaa chini nikalia. Nilikuwa na miaka 35. Miaka 21 mwili wangu ulikuwa unaniambia jambo lilelile kwa tarehe zilezile, na mimi naujibu kwa dawa ya malaria.

Nukta zilikuwa siku 19 katika mwezi mmoja. Hizo nitazirudia.

Daktari alinieleza, na mengine nikayasoma mwenyewe baadaye. Mwanamke anapofikia umri wa hedhi, ovari zake hutoa homoni iitwayo estrojeni kwa kupanda na kushuka. Siku chache kabla ya damu kuja, estrojeni inaporomoka. Kwa wanawake wengi kuporomoka huko hakuna wanachokisikia. Ubongo wenye kipandauso ni mwepesi kushtuka kwa kila badiliko: usingizi ukipungua, ukizidi, ukikaa na njaa, ukitoka kivulini kwenda juani. Badiliko la homoni ni kubwa kuliko hayo yote, na linakuja kila mwezi kwa ratiba. Neva kubwa ya uso, trijemina, ikishaamshwa hutoa kemikali iitwayo CGRP kwenye utando unaofunika ubongo, mishipa ya damu inatanuka, na kila pigo la moyo linasikika kama nyundo. Mwanaume homoni zake hazina poromoko hilo la kila mwezi. Ubongo wa kaka yangu ni mwepesi vilevile kama wangu. Yeye tu hana kinachouamsha kila baada ya siku 28.

Kuna jaribio moja nililolisoma nikalirudia mara tatu kwa jinsi lilivyonigusa. Mwaka 1972 daktari Brian Somerville wa Australia aliwachoma wanawake wenye kipandauso cha hedhi sindano ya estrojeni siku chache kabla ya siku zao. Hedhi ikaja kwa tarehe yake. Kichwa hakikuja. Kikasubiri mpaka estrojeni ile ya sindano iliposhuka, siku kadhaa baadaye, ndipo kikafika. Alipotumia projesteroni, homoni nyingine ya ovari, ikawa kinyume: damu ilichelewa, kichwa kikaja palepale. Kwa hiyo si damu inayouma, na si uchafu uliokwama tumboni kama tulivyokuwa tunaambiwa na bibi zetu. Ni lile poromoko.

Hapo mimba zangu nazo zikaeleweka. Mimba zote mbili, kuanzia mwezi wa nne kichwa kilinyamaza kabisa. Mama mkwe alisema mtoto ana baraka, na mimi nilishona kuliko wakati wowote. Estrojeni wakati wa mimba inapanda na kukaa juu, haina poromoko la kila mwezi. Kisha ukijifungua inaanguka kwa siku chache tu kutoka juu kabisa mpaka chini. Siku ya tatu baada ya kujifungua mtoto wa kwanza nilipatwa na kichwa ambacho sijawahi kukipata tena, mtoto analia, maziwa yanachuruzika, wageni wa uzazi wamejaa ukumbini na vyetezo vya ubani. Wakasema ni kijicho.

Lakini mwenye mimba asije akanisikia nusu. Jirani yangu, mimba ya miezi saba, alinijia jioni moja anasema kichwa kimempata kama changu, na nyota anaziona. Hakuwahi kuwa na kichwa maisha yake. Uso umemvimba, pete haitoki kidoleni. Nilimshika mkono tukachukua bajaji bila hata kubadili kanga, na tulipofika presha yake ilikuwa juu sana. Walimlaza usiku uleule kwa kuhofia kifafa cha mimba. Kichwa kipya kwa mjamzito si cha kulinganisha na cha jirani. Vilevile kichwa kinachopasuka ghafla kwa nguvu zote, au kinachokuja na homa na shingo ngumu, au mkono mmoja ukalegea na maneno yakakwama. Huko ni hospitali, kalenda haihusiki.

Nirudi kwenye ile mistari. Daktari alipouliza natumia njia gani ya uzazi wa mpango, nikamjibu vidonge vya majira. Akaacha kuandika. Akauliza mistari ilianza kabla ya majira au baada. Nikahesabu: baada. Majira nilianza nikiwa na miaka 29, mistari ikaja mwaka uliofuata.

Wenye kuvitumia wanavijua, pakiti ina vidonge 21 vyeupe na 7 vya kahawia. Vile vyeupe ndivyo vyenye homoni. Vya kahawia ni madini ya chuma tu, vya kukushikisha hesabu. Kwa hiyo ukiingia kwenye vya kahawia unajitengenezea mwenyewe poromoko la estrojeni, na ni kweli, wiki ya vidonge vya kahawia ndiyo iliyokuwa wiki yangu ya chini ya meza. Hilo ni la maumivu. Kubwa zaidi ni hili: ile mistari inaitwa aura. Ni wimbi linalotambaa juu ya gamba la ubongo, upande wa nyuma unaohusika na kuona, kwa mwendo wa kama milimita 3 kwa dakika, ndiyo maana nilikuwa naiona hata nikifumba macho yote mawili. Macho yangu hayakuwa na kosa. Na mwanamke mwenye aura ana uwezekano wa kupata kiharusi uliozidi kidogo wa wenzake, na vidonge vyenye estrojeni huuzidisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauna kigugumizi hapo: mwenye kipandauso chenye aura asitumie majira ya aina hii, awe na umri wowote. Wasio na aura wana hesabu nyingine, na wakifika miaka 35 nao wanatakiwa waulize upya.

Zahanati niliyokuwa nachukulia majira walinipima uzito na presha kila mara, kwa adabu kabisa. Katika miaka sita hakuna aliyeniuliza kama kichwa kinaniuma, wala naona nini kabla yake. Sikasiriki kwa ajili yangu, nilipona. Nakasirika nikipita pale asubuhi nikiona foleni ya wasichana wenye kadi zao mkononi. Dada, ukiona mistari, au doa, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni kabla ya kichwa, usingoje uulizwe. Sema. Njia nyingine zipo: kitanzi, kijiti, sindano, vidonge visivyo na estrojeni. Mimi nilichagua kitanzi cha shaba. Damu iliongezeka miezi ya mwanzo, ikatulia. Mistari sikuiona tena kwa karibu mwaka mzima, na ilipokuja tena ilikuwa mara moja moja.

Sasa zile nukta 19. Daktari aliniambia jambo nililokataa kuliamini mbele yake: dawa zenyewe zilikuwa zinanizalishia kichwa. Mwenye kipandauso akimeza dawa za kawaida za maumivu kwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko kwa siku 10, akaendelea miezi mitatu, ubongo unazizoea, na zikiisha mwilini unazidai kwa maumivu. Ndiyo yale makosa yaliyotawanyika nje ya maduara. Nikaambiwa niache. Niliacha mwezi mmoja baada ya Idi, wateja wachache. Wiki mbili zile sitaki kuzikumbuka. Sikulala, nilitapika, nilimfokea kila mtu, siku ya tisa nilifungua kopo la bobini nikanusa ndani yake. Wiki ya tatu nikaamka asubuhi moja nikasikia ukimya kichwani ambao sikuujua unafananaje.

Akanipa propranolol ya kumeza kila siku ya kuzuia, baada ya kuniuliza kwa makini kama nina pumu, maana mwenye pumu haitumii. Na kwa zile siku za duara akanipa naproksen, dawa ya maumivu, asubuhi na jioni, nianze siku mbili kabla na niendelee kama siku tano tu, na chakula tumboni. Hiyo si ya kujinunulia. Ina madhara kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu na mjamzito. Ila kwangu iligeuza siku tatu za gizani kuwa nusu siku ya uzito. Kitu kingine alichonifunza ni wakati. Nilikuwa navumilia mpaka nishindwe ndipo nimeze, nikijiona shujaa. Kipandauso kikishapamba moto tumbo linalala, dawa inakaa pale haiendi popote, unaitapika. Inamezwa mwanzoni, shingo inapoanza kukaza na miayo isiyo na usingizi.

Ramadhani ilikuwa inanitesa kuliko wenzangu na sikujua kwa nini. Ukiwa hedhini hufungi, hilo liko wazi, unakuja kulipa. Lakini kichwa changu kinakuja siku mbili kabla, nimefunga, sina maji, sina chai niliyoizoea ya asubuhi, usingizi umekatwa na daku. Vichocheo vyote siku moja. Nilikuwa nakaza mpaka magharibi nafuturu kwa kutapika. Baada ya kutibiwa nikawa naiangalia kalenda, na hapo zile tarehe za Kiislamu za chini zinanisaidia: wiki moja kabla ya mwezi kuandama napunguza chai kidogo kidogo, na naproksen naimeza futari na daku, zinalingana bila shida. Kikinijia kwa nguvu nafungua, nalipa baadaye. Mgonjwa ameruhusiwa katika Kurani yenyewe. Ilinichukua muda kukubali kwamba neno mgonjwa linanihusu mimi.

Mume wangu hakuwahi kuniita mdekaji. Alikuwa anaondoka tu, anakwenda kukaa barazani mpaka kipite, na kuondoka huko kuliniuma vilevile. Sikumweleza kitu kuhusu kalenda. Aliisoma mwenyewe, kimya kimya, kama anavyosoma kila kitu. Jioni moja akaniambia, "Mke wangu, kesho usiende sokoni Mgandini, nitakwenda mimi. Ni tarehe 23." Nilijifanya natafuta mkasi.

Nilisoma kwamba katika makadirio ya dunia ya mwaka 2019 kipandauso ni cha pili katika yote yanayowafanya watu waishi na ulemavu, na kwa wanawake vijana ni cha kwanza. Cha kwanza. Wenye nacho duniani wanazidi bilioni moja. Niliusoma mstari ule kwa sauti mbele ya mwanafunzi wangu. Akauliza, "Kwa hiyo wote wanadeka?"

Mama nilimwambia mwisho. Kichwa chake kilimwacha akiwa na miaka 51, miezi michache baada ya kumaliza dawa za mganga mmoja aliyeitia familia yetu hasara ya mbuzi wawili, na tangu siku hiyo mganga yule akawa mtu mkubwa kwetu. Nikamuuliza mama hedhi yake ilikoma lini. Akahesabu kwa vidole, kwa mazishi na harusi za ukoo kama wanavyohesabu wao, akafika: mwaka mmoja kabla. Wanawake wengi huachwa na kipandauso wakati huo, estrojeni ikishatulia chini na kubaki huko. Alinyamaza muda mrefu. Kidole chake kikawa kinapita juu ya zile chale za panja la kulia. "Ningejua," akasema, "ningengoja tu. Wembe ule uliuma, mwanangu."

Sasa nina miaka 44 na kalenda imeanza kunichanganya. Miaka tisa maduara yalikuwa yanafuatana kama mishono ya mashine. Mwaka huu duara moja limekuja baada ya siku 22, linalofuata baada ya 37, na makosa hayajui tena yashike wapi. Mwezi uliopita nilianza naproksen kwa tarehe, hedhi haikuja, kichwa kikaja wiki moja baadaye dawa zimekwisha. Daktari ameniambia ndivyo ilivyo miaka ya kuelekea kukoma, homoni zinapanda na kuanguka bila utaratibu, na kwa wengine kichwa huzidi kabla hakijaondoka. Inaweza kuchukua miaka kadhaa. Tumeongeza propranolol kidogo, naproksen tumeiweka pembeni kwa sasa, na kidonge cha sumatriptani, cha kukizima kichwa kikishaanza, nakiweka kwenye pochi ya pini, mkono unapofika bila kutafuta. Kidonge hicho nacho si kila duka la dawa Tanga wanacho.

Kalenda mpya nimeshaipata, duka lilelile. Wateja wa sare za mwezi wa Rajabu nimewaambia walete vitambaa mapema, kwa sababu siwezi kuwaahidi tarehe.